Barua ya Maneno Sita

Kitabu chenyewe hakikuwa na sura ya kuvuruga posa ya mtu. Kilikuwa chembamba, jalada lake la kijani limeliwa na mende kwenye pembe, na ndani kila baada ya kurasa mbili palikuwa na alama za hesabu zilizobanana hata ukadhani mchapaji alikuwa anabania karatasi. Kiliandikwa kwa Kiingereza na mtaalamu wa kampuni moja ya simu huko Marekani, miaka ile ile Waingereza walipokuwa wakifyeka mapori ya Nachingwea wapande karanga. Karanga zilikataa, hilo kila mtu wa Nachingwea analijua tangu utotoni. Kitabu kilikubali. Leo hakuna simu inayopiga wala king'amuzi kinachoshika picha bila hesabu zilizomo mle, na wengi wetu tunaozitumia hatujawahi kukiona.

Kilifika mikononi mwa Jamali kupitia kwa Mzee Kasmiri, fundi wa simu za waya wa enzi zile, ambaye alipozeeka alimwachia sanduku lenye koleo, risasi ya kulehemu na vitabu vinne. Jamali alikuwa na meza ya kutengeneza simu karibu na soko. Simu yoyote aliweza kuifungua na kuifunga ikiwa hai, lakini logarithimu zilimshinda. Kuuliza si ujinga, akakibeba kitabu hadi shule ya sekondari, akamwulizia mwalimu wa hisabati. Akaitiwa Saada.

Saada alikuwa na miaka ishirini na minane, mzaliwa wa Nkowe upande wa Ruangwa, na ulimi ambao kidato cha pili kizima kiliuogopa kuliko fimbo. Alikitazama kitabu, akamtazama yule fundi mwenye vidole vilivyoungua ungua, akasema atamsaidia ukurasa mmoja tu. Ukurasa huo mmoja uliwachukua miezi minane, na tusijitie hamnazo: haukuwa mgumu kiasi hicho.

Walisoma jioni, kwenye benchi la barazani mbele ya meza ya Jamali, chini ya macho ya soko zima. Saada alitafsiri, Jamali alilinda vikombe vya chai visimwagikie kitabu. Walichokikuta mle kiliwashangaza wote wawili. Mwandishi anasema habari inaweza kupimwa, kama watu wanavyopima ufuta au mchele, na kwamba katika kuipima maana ya ujumbe si kazi ya fundi. Kinachopimwa ni kutojua kwako. Ukirusha sarafu, hujui itaangukaje. Ikianguka, umepata habari, na kipimo chake ni biti moja. Ukiambiwa jua limechomoza mashariki, hujapewa kitu. Jambo likiwa gumu kubahatisha, habari yake ni kubwa. Likiwa jepesi, ni ndogo. Wastani wa ugumu huo wa kubahatisha ndio anaouita entropia.

Saada alikisoma kipande hicho mara tatu, kisha akacheka peke yake.

"Fundi," alisema, "habari?"

"Nzuri," Jamali akajibu.

"Umeona? Sifuri."

Akamweleza. Kutwa nzima watu wanaulizana habari, na kutwa nzima jibu ni nzuri. Aliyefiwa anajibu nzuri. Aliyeibiwa baiskeli anajibu nzuri. Jibu linalojulikana kabla ya swali halibebi hata chembe ya biti. Jamali alifikiri, bisibisi mdomoni, halafu akasema kwamba habari zote za hapa kwetu hukaa nyuma ya neno "ila". Nzuri, ila mtoto ana homa. Nzuri, ila mvua imegoma. Saada alimtazama upya. Hilo halikuwa kitabuni, na lilikuwa kweli tupu.

Kuanzia siku hiyo wakaacha kusalimiana kama watu. Saada akifika mezani alisema tu "Ila?" na Jamali alijibu, "Ila kile kioo kimeletwa kimepasuka," wakaendelea na kusoma. Wauza nyanya wa jirani waliamini wamegombana, wakawaonea huruma wiki nzima.

Mbaya zaidi, Saada alikipeleka kitabu darasani. Mle kitabuni kuna mchezo wa kufunika maandishi na kumtaka mtu abahatishe herufi inayofuata. Saada alichukua barua ya zamani ya babu wa mwanafunzi mmoja, akawa anaiandika ubaoni herufi moja moja. Alipofika "Shi", vinywa arobaini vilimalizia shikamoo. Alipofika "Ama baada ya sa", walimalizia salamu. Walikwenda hivyo mpaka chini, bila kukosea, hadi mstari wa mwisho kabisa ambapo babu aliomba aletewe salfa ya kupulizia mikorosho. Hapo ndipo walipokwama. Ukurasa mzima, habari mstari mmoja! Saada alitoka darasani kifua mbele. Kiburi cha hesabu ni kibaya kwa sababu hesabu yenyewe huwa ni sahihi.

Mwezi wa kwanza shule zilipofunguliwa, Jamali alimwambia anataka kupeleka barua Nkowe. Alisema akiwa ameinamia simu ya mtu, bila kuinua macho. Saada alifurahi hata akasahau kumsahihisha namna alivyotamka. Alikuwa amelingoja neno hilo tangu kabla ya msimu wa korosho, na alikuwa ameanza kuhofia kwamba Jamali anapenda kitabu tu.

Lakini barua ya Nkowe haikuwa jambo la watu wawili. Kwa Wamwera mtoto ni wa upande wa mama. Baba huzaa, mjomba huamua. Baba yake Saada alikuwa amekwisha kufariki, basi ndiyo kabisa: mjomba Swalehe, kaka wa mama yake, mkulima wa korosho mwenye sauti ya chini na kumbukumbu ndefu, ndiye angefungua bahasha. Na mjomba Swalehe alikuwa tayari na bahasha nyingine. Fahadi wa Ruangwa mjini, mwenye lori lake, alileta barua ya kurasa tatu mwezi wa kumi na mbili. Mjomba hakuikubali wala hakuikataa. Alisema atatoa jibu kabla ya mfungo wa Ramadhani.

Jamali aliandika ukurasa mmoja uliojaa, kisha akafanya kosa ambalo hata mtoto wa darasa la tatu angemkanya. Alimwonyesha anayeposwa. Saada aliketi nayo pale barazani, na kwa mazoea ya kazi mkono wake ukatoa peni nyekundu mfukoni.

"Kwa heshima na taadhima." Inajulikana; akakata. Salamu za bibi, za mama, za wajomba, za majirani. Zote zinajulikana, akakata. Dua kwa marehemu wa ukoo, akasitasita kidogo, akakata. Alipofika kwenye "nimeona ua katika bustani yenu", alicheka kwa sauti. Akauliza bustani gani, nyuma ya nyumba yao kuna mihogo na banda la kuku. Alipomaliza, ukurasa ulikuwa mwekundu kama daftari la mvivu, na yaliyobaki ni haya: Naomba kumuoa Saada. Nasubiri jibu. Jamali. Maneno sita. Saada aliyahesabu kwa fahari. Hakuna barua ya posa iliyowahi kubeba mzigo wake kwa wepesi namna ile.

Jamali aliichukua karatasi. Akasema taratibu kwamba Mzee Kasmiri alikuwa na namna yake ya kuongea kwenye waya mrefu. Saada akamkatiza kwamba hesabu hazidanganyi.

Ukweli ni kwamba mwalimu hakuwa amemaliza kitabu. Nusu ya pili, ile inayohusu makelele, alikuwa bado hajaigusa; mitihani ya kufungulia mwaka ilimjia na mafurushi yake, akaweka kipande cha chaki katikati ya kitabu, akaona amekwisha kuelewa. Jamali alinakili maneno sita kwenye karatasi safi. Mtu akipenda, hunakili hata asichokiamini.

Mshenga alikuwa Mzee Abdulkarimu, fundi cherehani wa Nachingwea, mtu wa kanzu safi na maneno ya mpango. Alifika Nkowe Jumamosi saa nne. Saada naye alikuwa nyumbani, maana alikuja tangu Ijumaa jioni, na kama ilivyo desturi aliwekwa chumbani nyuma ya pazia, ambako anayeposwa husikia kila kitu akijifanya hayupo. Mama yake alikuwa jikoni. Bibi Mwantumu, mama wa mjomba, aliketi kwenye mkeka pamoja na wanaume, kwa kuwa umri wake ulikuwa umevuka mambo ya mapazia.

Mjomba alifungua bahasha, akasoma. Akaigeuza karatasi upande wa pili. Akachungulia ndani ya bahasha, akaikung'uta.

"Hii ni barua," aliuliza, "au ni meseji ya luku ya umeme?"

Mshenga alikohoa. Mjomba aliendelea bila kupandisha sauti, na hiyo ndiyo iliyomtisha Saada. Alisema hata tangazo la mnada wa ufuta huanza na salamu. Alisema hajui kijana huyu ni mtoto wa nani, anaswali wapi, wala kama ana habari kwamba nyumba hii ina mzee. Bibi Mwantumu, ambaye Kiswahili chake ni cha sokoni na cha shida, aliuliza kwa Kimwera barua inasemaje. Mjomba akamtafsiria yote kwa pumzi moja. Bibi akatikisa kichwa kwa adabu, akauliza ni lini ataanza kuisoma.

Nyuma ya pazia, Saada alijua la kufanya. Alikuwa na nafasi ya kutoka na kusema: Mjomba, mkato huu ni wangu. Alifungua mdomo, akaufunga. Akajiambia kwamba anayeposwa hasemi, na kwamba kimya ni heshima. Uongo mtupu. Aliona aibu, basi. Mwalimu anayefokea watoto arobaini kwa kosa la alama ya kutoa alishindwa kumkabili mzee mmoja kwa kosa lake mwenyewe, na alilijua hilo wakati ule ule.

"Kamwambie," mjomba alimwambia mshenga, "tumepokea bahasha. Barua bado."

Kwa asiyeelewa, lilikuwa tusi. Mzee Abdulkarimu alikuwa akiposa kwa niaba ya watu tangu ujana wake, akaelewa kwamba mlango umeachwa wazi kidogo. Lakini mfungo ulibakiza siku kumi na mbili, na Fahadi alikuwa anangoja jibu lake.

Jumatatu, baada ya vipindi, Saada alipita kwa mshenga kabla ya kwenda kwa Jamali. Alitaka kujua Jamali alizipokeaje habari. Mzee, akiendesha cherehani, akamsifia kijana. Alisema alimfikishia maneno ya mjomba yote, ya meseji ya luku na ya bibi, na kijana hakujitetea hata kidogo. Alisema tu, kosa ni langu, mzee. Vijana wa siku hizi hawana hilo, alisema mshenga, akakata uzi kwa meno. Uso wa Saada uliwaka. Alishukuru, akatoka, akatembea hadi mezani kwa Jamali bila hata neno lao la kusalimiana.

Jamali hakumlaumu. Alikuwa amekiweka kitabu juu ya meza, kimefunguliwa pale penye chaki.

Walisoma nusu ya pili kwa jioni nne. Saada alitafsiri polepole safari hii, bila kuruka. Kila njia ya ujumbe, kitabu kinasema, ina makelele yake. Ujumbe uliobanwa mpaka hauna ziada hata kidogo ni mwepesi kuubeba, lakini herufi moja ikipotea njiani, hakuna wa kuirudisha. Maneno yanayobahatishika, yale aliyoyakata kwa peni nyekundu, ndiyo yanayomwezesha mpokeaji kuokoa kilichoharibika. Si mzigo wa bure. Ni bima. Jamali alimweleza kwa lugha ya kazi: waya una kutu, redio ina mvumo, karatasi ina mvua, sikio lina uzee. Mzee Kasmiri akiongea na Mtwara kwenye waya mbovu alisema kila neno lisilobahatishika mara mbili, na katikati alisema, nasema tena.

"Mbona hukuniambia?" Saada aliuliza.

"Nilikuambia. Ulikuwa na peni nyekundu."

Saada alikifunga kitabu. Alisema ataandika barua ya pili yeye mwenyewe, yenye kila salamu iliyowahi kutamkwa Lindi nzima, Jamali anakili. Jamali akakataa, na ilikuwa mara ya kwanza kumkatalia jambo. Alisema barua hii Saada hataiona. Akiiona haitakuwa posa, itakuwa mtihani uliosahihishwa. Aliiandika akiwa na Mzee Abdulkarimu dukani kwake, mlango umeegeshwa, kwa peni ya jeli ya bluu aliyoinunua kwa ajili ya kazi hiyo. Saada alipita nje mara mbili, akajifanya anatafuta kitambaa.

Jumamosi ya mwisho kabla ya mfungo mvua ilianza alfajiri. Mzee Abdulkarimu aliweka barua kwenye mfuko wa kifuani. Zamani angeitia kwanza ndani ya nailoni, lakini nailoni imepigwa marufuku na mzee ni mtu wa sheria. Alipanda bodaboda, wakaenda vizuri hadi karibu na Nkowe, kwenye kijito ambacho kiangazi hakina hata jina. Pikipiki ikateleza, mshenga akaketi ndani ya maji mpaka kifuani. Hakuumia popote. Alipoingia uani kwa mjomba, kanzu yake ilikuwa ya bluu upande wa moyo.

Akapewa shuka kavu na chai ya tangawizi. Mjomba aliitandaza karatasi juu ya mkeka, taratibu, kama anavyotandaza korosho mbichi. Pembeni yake akaweka barua ya Fahadi, kavu, kurasa tatu. Alisema leo ndiyo siku, barua zote mbili zisomwe, na moja itajibiwa. Saada alikuwa nyuma ya pazia tena, sikio kwenye kitambaa.

Barua ya Fahadi ilisomeka bila shida. Ya Jamali ilikuwa ziwa. Mjomba aliinamia.

"Kwa heshima na ta... hapa pamefutika."

"Taadhima," alisema mshenga kutoka ndani ya shuka.

"Mimi Jamali, mtoto wa Hemedy wa... Nachi..."

Nachingwea, walisema wote. Wakaendelea hivyo. Palipobaki nusu ya neno, mtu mmoja alilimalizia. Palipobaki herufi mbili, walisaidiana. Mama yake Saada aliacha sufuria jikoni akaja kusimama mlangoni, akaokoa "wazazi wetu waliotangulia mbele ya haki". Mjomba alipofika kwenye "nimeona u" na doa kubwa la bluu, Bibi Mwantumu, ambaye Kiswahili cha kumwomba jirani moto humpa taabu, alisema kwa sauti safi, "ua katika bustani yenu." Alikuwa amesikia barua za posa za mabinti saba na wajukuu kumi na mmoja. Wote wakacheka, na hata Saada alicheka nyuma ya pazia, machozi yakimtoka, kwa sababu ule upuuzi wote alioukata ndio uliokuwa unaivusha barua ng'ambo. Hakuna neno lililokuwa linazama.

Kisha mjomba akafika kwenye ombi lenyewe.

"Namwomba Saada kwa sababu," alisoma, akakwama. Mistari miwili iliyofuata ilikuwa bluu tupu. Chini yake palisomeka "nasema tena", halafu bluu tupu nyingine. Maskini Jamali alikuwa amelirudia neno lake kama kitabu kinavyofundisha, lakini karatasi ilikunjwa katikati, na palipolowa upande huu ndipo palipolowa upande wa pili.

Walijaribu kubahatisha. Mama alisema labda ameandika kwamba ni mcha Mungu. Mshenga alisema labda ni mtoto wa watu wema. Barua waliiandika pamoja na kijana, lakini kwenye sababu kijana aliomba aandike peke yake. Bibi alisema kwa Kimwera kwamba labda ameonja mboga yake ya majani ya kunde. Mjomba aliinua karatasi kwenye mwanga wa mlango, na hakuna hata herufi moja iliyobaki ya kuwaunga mkono. Saada naye alibahatisha kimoyomoyo, akashindwa. Maneno mengine yote ya Jamali aliyajua kabla hayajasomwa. Hili lilikuwa la kwake peke yake, na ndilo lililokwenda na maji.

"Nipige simu, tumwulize?" mshenga alisema.

Mjomba alikataa. Alisema sababu ya kuoa haiulizwi kwa simu, mtu akapata muda wa kutunga. Aliziweka barua sambamba. Akasema, kwa haki kabisa, kwamba ukiondoa doa lile, barua hizi ni moja. Salamu ni zile zile, ua ni lile lile. Huyu wa lori alileta ya kwanza na alileta vizuri tangu siku ya kwanza. Huyu wa simu alianza kwa kuidharau nyumba, na mimi, alisema, bado sijui ni mtu wa namna gani. Akaichukua barua ya Fahadi mkononi.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Saada alisukuma pazia, akatoka.

Kwa desturi hakupaswa kuwapo pale. Mama yake alivuta ukingo wa khanga yake. Saada aliendelea, akapiga magoti kwenye ukingo wa mkeka.

"Mjomba, shikamoo. Pale palipolowa sijui ameandika nini," alisema. "Ila ile barua ya kwanza ni yangu. Jamali aliandika ukurasa mzima, wenye salamu zenu zote na dua ya marehemu. Mimi ndiye niliyekata. Mlipomdharau, alisema kosa ni lake. Mimi nilikuwa hapo nyuma ya pazia, nikanyamaza."

Mvua ilisikika juu ya bati. Mjomba aliiweka chini barua ya Fahadi.

"Sema tena," alisema.

Saada alisema tena, yote, kwa sauti kubwa zaidi, mpaka kwenye neno kunyamaza. Mjomba alitaka kumtafsiria bibi, bibi akamzuia kwa mkono. Alikuwa ameelewa.

"Tangu asubuhi nasikia maneno ninayoyajua," alisema mjomba Swalehe. "Hili sikulijua." Akamgeukia mshenga, akasema barua imefika. Kijana aje na wazee wake, ndoa iwe baada ya Idi. Kisha akaikunja barua ya Fahadi kwa adabu zote, akairudisha ndani ya bahasha yake, akasema atampelekea jibu mwenyewe, kwa kuwa kijana hakukosea lolote. Bibi alimvuta Saada sikio kidogo, halafu akalishika shavu lake, na mama akarudi jikoni ambako ubwabwa ulikuwa umeanza kuungua.

Kabla ya magharibi mvua ilikatika. Saada alitoka hadi mwisho wa shamba la mihogo, ambako mtandao hupatikana, akampigia Jamali. Alimweleza yote, moja baada ya jingine, hata la kanzu ya bluu. Alikuwa na furaha iliyomfanya arudie mambo bila kujali. Mwishoni akamwuliza ni nini alichokiandika pale palipolowa.

Jamali alijibu kama mtu anayesoma mbele ya darasa.

"Niliandika, kwa sababu akikosea husema amekosea."

Saada alihesabu siku. Siku Jamali alipoiandika barua ile, yeye alikuwa bado hajakiri kosa kwa mtu yeyote.

"Lakini nilikuwa sijasema," alisema.

"Ndiyo maana niliandika mara mbili," alisema Jamali.